Chai ya Roret Haikuwa Yako

Mdogo wangu Taplelei,

Wewe huna aibu. Nilikuambia hivyo kwa simu ukacheka, sasa nakuandikia ili ukose mahali pa kuchekea. Niliacha shule darasa la tatu na herufi zangu zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe, lakini utazisoma zote.

Ulikuja hapa Kiptere siku nne. Siku nne tu. Ya pili ulinisindikiza kupeleka majani ya chai, lori likachelewa, tukakaa juu ya magunia na majirani. Mzee Arap Bii alikuwa hapo na kofia yake. Unajua ni miaka mitatu tangu amzike mkewe. Ulimwangalia mara moja, ukamuuliza akienda soko la Roret huwa anakunywa chai wapi. Akasema popote penye kiti. Ukamwambia, "Basi kesho tunywe pamoja, mzee. Ni mimi nakuita, kwa hivyo ni mimi nalipa."

Wanawake wote waligeuza shingo. Hata karani wa mizani aliweka kalamu chini. Arap Bii akavua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba jibu liko huko, akasema, "Sawa, mama. Saa nne."

Hivyo tu. Taplelei, hivyo tu.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Miaka miwili nimempelekea huyo mzee mursik kila Jumamosi. Maziwa lala ya ng'ombe wangu mwenyewe, kibuyu nimekisugua ndani na mkaa wa mti wa senetwet vile mama alitufundisha, mpaka maziwa yanatoka na rangi ya mawingu. Kwangu mimi huko ndiko kulikuwa kumuuliza. Nilifikiri mwanamume akionja mkono wa mwanamke Jumamosi baada ya Jumamosi, atajua. Hakujua. Wamama wa kanisa nao huwapelekea maziwa wazee waliofiwa, kwa zamu, na yeye akanihesabu huko. Siku ya Pasaka alisimama mbele ya kanisa akawashukuru wamama wote kwa mursik. Wote. Na yule jirani yangu ambaye maziwa yake yananuka moshi akainamisha kichwa kama anayepokea sifa.

Wewe ulikuwa hivyo tangu utoto. Unakumbuka viatu? Sisi wawili tulivitaka. Mimi nilifagia boma wiki nzima ili baba aone. Wewe ulisimama mlangoni ukasema, "Baba, nataka viatu." Ukaletewa. Mimi nikaambiwa ningoje, nikangoja mpaka nikaolewa. Hata marehemu mume wako, wewe ndiye ulimwambia pale kwa kinu cha posho akubebee unga mpaka nyumbani. Akaubeba, akarudi tena bila unga. Mimi wangu aliletwa, akakaa na wazee, nikaulizwa kupitia mlango kama nimekubali. Alikuwa mtu mzuri, simlalamikii. Nilipomzika ulikuja ukalala kwa kitanda changu mwezi mzima, na miguu yako baridi ukaiweka juu ya yangu. Sijasahau. Ungekuwa mtu mwingine ningekuchukia vizuri.

Lakini sasa sikia yale umeniletea. Kila siku ya majani Arap Bii anakuja kukaa karibu nami. Amenyoa ndevu. Moyo wangu, huu wa bibi wa wajukuu tisa, unaruka. Halafu anauliza, "Dada yako anarudi lini?" Miaka miwili ya maziwa, na mimi nimekuwa kalenda yako.

Na wewe ukaniambia kwa simu ati ulikuwa unachangamsha siku tu. Ati ni mzee mzuri, lakini chai nzima pale Roret aliongea habari ya ng'ombe tu. Taplelei, mimi napenda habari ya ng'ombe.

Nimefikiria haya maneno nikichuma, safu hadi safu. Nilitaka kusema ulimloga. Lakini ulifanya nini? Ulitaja mahali, ukataja siku, ukasema ni nani anaita. Akaelewa kwa sababu aliambiwa. Mimi nilikuwa nauliza kwa kibuyu mtu ambaye ana masikio. Hilo ndilo linaniuma kuliko wewe, na wewe unaniuma sana.

Kwa hivyo usimwache mtu mzima akitazama barabara ya kutoka kwako Silibwet. Jumatatu lori likichelewa nitamwita chai mimi mwenyewe, kwa mdomo, wanawake wakisikia. Akikataa nitabeba kikapu changu nirudi nyumbani. Lakini anikatae mimi. Asinikatae kwa sababu anakungoja wewe.

Ukimaliza kusoma, chukua simu umpigie, umwambie kwa heshima kwamba huji. Usitaje jina langu. Usinisaidie hata kidogo. Mpigie leo, kabla ya jioni.

Ni mimi dada yako mkubwa, ambaye bado ana hasira.