Usiihutubie, Iachie

Jumamosi, 2 Agosti 1969

Leo tena Kiembe Samaki. Gari limezimika, nimeliwasha, limeruka kama chura, limezimika. Asubuhi nzima hivyo. Nilichagua barabara ya huku kwa kuwa ni pana na haina watu wa kucheka. Wamepatikana.

Rukia, mke wangu, amekaa kushoto kwangu, mikono mapajani, ananisomesha kwa masikio. Mtoto wa jicho ameshamfunika macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu, na daktari amemkataza usukani. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, mimi nikisoma gazeti pembeni. Sasa zamu yangu. Nina miaka arobaini na tisa na sijui kuondoa gari.

Klachi ni mnafiki. Ukiikanyaga inakubali kila kitu. Ukiiachia inakusaliti. Nimeiambia hivyo hivyo, kwa sauti: "Ewe klachi, mnafiki mkubwa we!"

"Usiihutubie," kasema Rukia. "Iachie. Polepole."

Jumapili, 3 Agosti

Nimesoma kitabu cha udereva mwanzo hadi mwisho. Kimeandikwa na mtu asiyejua kuandika. Michoro na mishale. Anasema klachi huunganisha injini na magurudumu kwa msuguano. Msuguano naujua kuliko yeye. Nimegombana kwenye karatasi na Balozi wa Kiingereza, na wenye mashamba, na masheikh, na marafiki zangu mwenyewe. Kila makala nilianza na "Ewe". Ewe bwana mkubwa. Ewe mnyonyaji. Ewe msomi uliyelala. Mtu nisiyemwona nilisema naye kana kwamba amesimama mlangoni kwangu.

Mwaka wa mapinduzi gazeti langu likafungwa, mashine ya kuchapia ikachukuliwa. Tangu hapo nasahihisha nakala za watu katika ofisi ya serikali. Wakisahau nukta, naiweka. Hasira yangu haina pa kwenda. Zaidi ya hayo siandiki, hata humu.

Gari lenyewe ni la marehemu baba yake Rukia. Nilimwandika gazetini yule mzee, kwa jina lake, yeye na mikarafuu yake ya Kidichi. Baadaye shamba likachukuliwa. Gari likabaki kwa sababu siku ile lilikataa kuwaka. Leo nahangaika nalo mimi. Mzee angecheka mpaka akohoe.

Jumanne, 5 Agosti

Baada ya kazi. Nimeondoka mara moja bila mshtuko. Mara moja tu.

"Hiyo!" kasema Rukia. "Umesikia? Sauti imeshuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Hapo ndipo unaposubiri. Halafu ndio unaiachia yote."

Nikasema nimesikia.

"Muongo. Hujasikia kitu."

Kweli. Mara ya pili chura karudi.

Kuna jambo linaniudhi. Kila nikigusa gia, anatanguliza mkono mbele na kujizuia. Anajiandaa kuumia kabla sijamuumiza. Nikamwambia auondoe. Akasema, "Ondoa mguu wako vizuri, na mimi ntaondoa mkono wangu."

Hana jibu ambalo si zuri. Nilimwoa kwa sababu hiyo. Siku nyingine namchukia kwa sababu hiyo hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Kila Ijumaa alikuwa akienda Kidichi kuzuru kaburi la baba yake. Tangu macho yafunge hajaenda. Ndiyo haja yote ya mafunzo haya. Nimemwambia kesho niko tayari. Siko tayari. Sitaki tu kushindwa na pedali.

Kwenye chakula akaitaja ile makala ya baba yake. Hakupandisha sauti. "Uliandika amevimba kama kupe. Na aliyenisomesha mimi gari ndiye yeye." Nilikuwa na jibu. Ninalo bado. Nikauma ulimi.

Mara mbili katika ndoa hii sikuuma. Mwaka wa kwanza, kwa ajili ya mchuzi, aibu hata kuandika. Na wakati wa siasa za vyama, kwa ajili ya kaka yake. Mara zote mbili nilimwacha kwa hasira, na mara zote mbili nikamrejea eda haijaisha. Talaka ya tatu haina rejea. Nalikumbuka hilo kila ninapofungua mdomo nyumbani kwangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya.

Mpaka Bububu nilikwenda vizuri. Kwenye kilima cha Kidichi tulikuta gari la ng'ombe limesimama katikati ya njia, nikalazimika kusimama na mimi, pua juu, mkia chini. Kuondoka pale nikashindwa. Kila nikiachia breki tunarudi nyuma. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni akarukia mtaroni. Mwenye ng'ombe akageuka.

"Mzee, unakuja au unarudi?"

Watu wakacheka. Rukia akaanza, "Iachie! Iachie! Hujaiachia!" Injini inalia, jasho machoni. Halafu akasema, "Baba alikuwa akipanda hapa na magunia ya karafuu nyuma."

Nikapiga kelele: "Nimekuacha! Haya, nshakuacha we!"

Gari likazimika.

Nilikuwa nasema na klachi. Ningesema "nimeiachia" kama watu wote. Lakini mimi husema "wewe" na kila kitu. Na klachi, na mvua, na Balozi. Aliyewahi kunisoma anajua. Rukia anajua kuliko wote.

Mwenye ng'ombe akageuza uso, maana alisikia. Rukia akashusha ukaya wa buibui usoni.

"Nirudishe nyumbani."

Kaburini hatukufika. Amepanda juu na kufunga mlango.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimesema naye kupitia mlangoni. Nimeeleza. Nimeeleza tena. Nilisikia sauti yangu ikipanda na kushuka kama ya mtu aliye jukwaani.

"Sitaki unishinde kwa maneno," kasema. "Utanishinda, najua. Mimi nimesikia nimeachwa. Sauti ni ileile ya mara mbili zile. Lakini mimi sioni. Wewe ndiye uliyekuwa na macho. Nenda kwa sheikh, umwambie ulikuwa unamtazama nani."

Chai yake niliyoiacha mlangoni imepoa. Nimeiondoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Ofisini sikufanya kazi ya mtu. Nimeandika utetezi. Kurasa na kurasa. Kwamba neno hupata maana kwa mahali lilipotamkwa. Kwamba kusema na kisicho na roho kana kwamba kina roho ni ada ya lugha, na washairi wa Kiarabu wamesema na mahame na ngamia na hakuna aliyewaozesha ngamia. Kwamba aliyeamrishwa "iachie" akajibu "nimekuacha", jibu lake ni kwa kilichotajwa. Kwamba makala zangu zote ni ushahidi.

Ni maandishi yangu bora tangu gazeti lifungwe. Nimeyasoma tena nyumbani, nikafurahi. Kabisa, nikafurahi. Halafu nikatazama juu, mlango wa chumba umefungwa.

Jumanne, 12 Agosti

Sheikh wa msikiti wetu tulikaa mkeka mmoja chuoni, tulipokuwa tunasoma Kurani. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kahawa yake imepoa kwa ajili yangu.

"Maneno mazuri," kasema. "Tangu utoto una maneno mazuri, hata ukikosea ubaoni unaulaumu ubao. Sasa niache na karatasi zako. Uliposema 'we', ulikusudia klachi, si mkeo? Weka mkono kwenye msahafu useme hivyo. Mkeo ni mkeo, uende zako ukale."

Msahafu ulikuwa baina yetu, juu ya marufaa yake. Mkono wangu ulikuwa gotini.

Haukwenda.

Klachi iko chini, gizani, miguuni. Hakuna anayeitazama. Nilikuwa nimegeuka kushoto. Nilimtazama Rukia, na mdomo wake ulikuwa ndio kwanza unafunga baada ya kumtaja baba yake. Nikataka neno langu limpige. Muda mfupi sana nilitaka. Ulitosha.

Nimewahi kuandika uongo kwa ajili ya hoja. Huu sikuuweza.

Sheikh amesoma lahaula. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali anilaumu. "Basi ni ya tatu," kasema. Nikazikunja karatasi zangu, na yeye akanipa mkono kama tunavyopeana mazikoni.

Nimemwambia Rukia, mimi nje, yeye ndani.

"Ungeapa tu. Nisingejua kamwe."

"Najua."

"Mjinga we," kasema. Nikasikia kitanda kinalia, amekaa. "Mjinga we."

Jumatano, 13 Agosti

Nalala kwenye baraza ya chini. Majirani wameshajua; hawaulizi. Nimepeleka habari kwa dada yake.

Utetezi wangu nimeuchoma jikoni. Ulishika moto haraka.

Ijumaa, 15 Agosti

Dada yake, Bi. Asha, amekuja kumchukua. Atakaa eda kwake, Kiembe Samaki. Nikasema nitatafuta gari la kukodi. Bi. Asha akaniangalia kama mtu anayeangalia samaki wa jana.

"Gari si hili hapa? Au hilo nalo umeliacha?"

Rukia akasema, "Atuendeshe yeye. Lakini tupitie Kidichi kwanza."

Yeye nyuma, na buibui lake na masanduku. Bi. Asha mbele, mahali pa Rukia. Nilimwona Rukia kwenye kioo, kipande tu, paji la uso. Hakujizuia kwa kitu. Nadhani huko nyuma hakuna cha kushika.

Kwenye kile kilima nilisimama. Hapakuwa na gari la ng'ombe, nilisimama mwenyewe. Bi. Asha akauliza nini tena. Nikangoja. Nikainua mguu wa kushoto kidogo, nikaisikia. Sauti ikashuka, kama mtu anayevuta pumzi. Nikasubiri hapo. Kisha nikaiachia yote, na tukapanda.

Safari hii sikusema na kitu chochote.

Kaburini alikaa kwa muda. Mimi nilibaki kwenye gari. Nilimwona akilipapasa jiwe, akang'oa majani, akakosa mengine kwa kutoyaona. Sikushuka kumsaidia. Si mahali pangu tena, wala kwa mzee, wala kwake.

Kisha tukarudi mjini, tukapita, mpaka Kiembe Samaki, barabara ileile niliyojifunzia. Mchana umetulia. Nimebadilisha gia bila kuziangalia. Kwa Bi. Asha nikapunguza, nikakanyaga, nikasimama chini ya ukuta wenye kivuli. Bi. Asha akatangulia kufungua lango.

Rukia hakusogea. Alikaa vilevile, uso mbele, akisikiliza injini.

"Mbona husimami?" akauliza.

"Tumesimama. Tumefika."

Akanyoosha mkono, akagusa mlango, akahakikisha. "Haya," akasema. Akashuka.

Gari ni lake. Mtoto wa dada yake anajua kuendesha. Funguo nimempa Bi. Asha, amezipokea bila kunigusa vidole. Nimerudi mjini kwa miguu. Njia nzima mguu ule wa kushoto ulikuwa unajiinua polepole, wenyewe.