Mtu Anayemnyima Mke Wangu Usingizi ni Mimi

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla mke wangu hajasaini miezi mingine ya kukaa mbali. Mimi ni kinyozi, yeye ni mtafiti wa misuli, na tangu aondoke mimi na binti yetu tunaishi naye kwa simu. Kazi yake ni kupima protini za misuli, moja moja, ajue ipi inatengenezwa haraka na ipi polepole, maana anasema paja halijengwi kwa mwendo mmoja na shavu la mguu, na hata ndani ya paja lenyewe kila protini ina mwendo wake, na wakishayajua hayo wataweza kuwasaidia wagonjwa wanaolala kitandani mpaka miguu inasinyaa. Ili wapime, wanakupa maji fulani mazito unywe kila siku kwa majuma kadhaa, ladha ni ile ile ya maji ya kawaida, nayo yanatia alama kwenye kila protini mpya, kisha wanakupima mate, wanachomoa kipande kidogo cha msuli kwa sindano nene, na mashine inaisoma ile alama.

Watu wa kujitolea walipokuwa haba nikajitolea, mkubwa wake akakubali, nikapewa namba badala ya jina, hata yeye asijue ni ipi. Kabla ya kusafiri mke wangu alikaa jikoni akaandika vibandiko vya chupa zangu kwa mkono wake, "Jumatatu, yote", "Jumanne, yote", akazipanga kwenye friji, akaenda kule iliko mashine. Basi mshauri, nilianza vizuri, lakini kila nikimaliza chupa naona friji inazidi kuwa tupu na ule mwandiko unapungua, nikaanza kuruka siku, halafu nikawa naruka siku mbili, halafu nikawa nafungua friji kuangalia tu. Siku ya sindano ilipokaribia nikaingiwa na hofu, nikazinywa chupa tatu nne kwa mpigo kama mwanafunzi anayefungua daftari mlangoni pa mtihani, mate yakapimwa yakaonekana hayana shida, msaidizi wake aliyebaki huku alipoziulizia chupa tupu nikasema binti amezitupa.

Sasa mke wangu ananipigia kila jioni na habari ni moja. "Kuna mtu hapa ananinyima usingizi," aliniambia. "Maji yamo mwilini tele, lakini protini zake zote, za paja na za shavu la mguu, zinatengenezwa polepole sijapata kuona."

Nikamuuliza kama ni mwanamume. Akacheka.

"Mwanamume, zaidi ya hapo ni namba tu. Ila misuli yake naijua kuliko yako."

Mshauri, anamzungumzia huyo mtu kwa sauti aliyokuwa akinisemesha mimi tulipokuwa wachumba, nami nategea sikio, namwonea wivu mtu ambaye ni mimi mwenyewe, na bado sitaki aache. Juzi akasema ameomba aongezewe muda amchunguze vizuri, na atasaini mwisho wa juma. Nikisema ukweli nitakuwa nimemharibia kazi, na hizo simu za jioni sijui tutazungumza nini. Nikinyamaza, harudi. Nifanye nini?

Kinyozi mpweke

*

Kinyozi,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakushtukia.

Nilimuuliza mtu anayeifahamu kazi hiyo. Mate yanaonyesha maji uliyo nayo leo. Protini inaonyesha maji uliyokuwa nayo wakati inajengwa. Wewe umekunywa mwishoni, kwa hiyo mate yakasema ndiyo, misuli ikasema hapana. Hakuna mtu wa ajabu hapo. Kuna mume aliyeshindwa kufuata maelekezo. Akaniambia na jambo la pili: ukihesabiwa pamoja na wenzako, hesabu ya wote inakwenda kombo, na kesho daktari ataitumia kumpangia mgonjwa mazoezi. Mgonjwa huyo hana habari na mapenzi yako.

Kuutamani mwandiko wa mkeo sikusimangi. Wapo wanaolala na shati la mtu. Kosa lako ni pale ulipoulizwa chupa ukamsingizia mtoto. Unasema unaogopa kuharibu kazi. Kazi imeshaharibika, ndugu yangu. Unachoogopa ni kukosa simu. Kila jioni unachumbiwa upya huku umejificha nyuma ya namba, unafurahia, na anayelipa ni binti yako anayelala bila mama. Mficha uchi hazai.

Piga simu leo, usingoje jioni. Funga saluni, umpigie wewe. Anza na maji: zipi ulikunywa, zipi zimebaki, zile za mwisho ulizinywa lini. Yeye ni mtaalamu, hayo atayahitaji kuliko machozi yako. Usimwambie "nilifanya kwa kuwa nakupenda" kabla hajamaliza kugomba; huko ni kumziba mtu mdomo. Kisha nenda kwa msaidizi wake umweleze yale yale. Na binti umwombe radhi, hata kama hajui ulimsema nini.

Halafu, kwenye simu hiyo hiyo, mwambie umemkumbuka na unataka arudi nyumbani. Nimetafuta kwenye barua yako mahali ulipomwambia hivyo, sikupaona. Umeniambia mimi.

Huenda akasaini vilevile. Kazi ni yake na ana haki nayo, lakini atasaini akijua anaacha nini. Akikasirika, mwache akasirike mpaka hasira zimwishe. Angalau atakuwa anakukasirikia wewe. Akishanyamaza, usimuulize kama amekusamehe. Muulize anarudi lini.