Nirudishie Koki ya Hosiyat

Mtaa wa Mafundi Susu,
Margilan,
9 Oktoba 2018.

Mpendwa shemeji Yodgor,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nukus, wewe na wote wa nyumbani. Goti lako linasemaje na baridi hii inayoanza? Mjukuu ameshaota meno? Mimi sijambo. Nalala, naamka, nakwenda kufungua lango la shule. Makomamanga mengi yamepasuka mwaka huu kabla ya kuiva, ila yaliyobaki ni matamu.

Salamu zimekwisha. Nina hasira nawe, shemeji, na kwa kuwa sijui kugombana kwenye simu, naandika, na barua nampa abiria wa treni ya leo ikufikie upesi.

Alhamisi ulinipigia ukaniambia ile mashine ya upepo ya kupulizia rangi imekufa. Tangi linavuja tumboni, milango uliyoipulizia rangi imetoka upele mweupe, wateja wameirudisha. Nilikusikiliza kwa upole mpaka uliposema, "Dada alijua. Alikuwa anapaka susu za kulaza watoto wa watu kwa bati bovu, na nyie mnamsifu." Simu haikukatika kwa sababu ya mtandao. Niliikata mimi, nisije nikakutukana.

Hosiyat, dada yako na mke wangu, alipaka vanishi susu za mtaa huu miaka kumi na minne kwa mashine ileile. Nenda nyumba yoyote hapa utazame. Hata susu anayolalia mjukuu wako ni kazi yake ya mwisho mwisho, ile yenye maua mekundu kwenye upau. Ina upele?

Sijasahau siku ya arobaini yake. Sahani za pilau hazijaondolewa, wewe ulikwishasimama mlangoni mwa karakana yake. Ukasema kitu cha dada kinakwenda kwa kaka. Niliposema nataka kibaki, ukaniuliza mbele ya wageni, "Wewe bawabu wa shule, utapuliza nini? Kengele?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Mkaipakia mashine kwenye lori. Ukaokota chungu kilichokuwa chini ya tangi, ukauliza kwa nini mashine imewekewa chungu cha mkojo, kama kile kinachokaa chini ya tundu la susu kukinga mkojo wa mtoto. Nilikueleza. Ukasema, "Kumbe dada alikuwa anailea kwa nepi," ukakitupa kwenye nyasi. Hakikuvunjika. Ninacho.

Nilikueleza mara tatu siku ile, Yodgor, na mara ya tatu nilikuwa nimeshika mlango wa lori. Upepo ukishindiliwa hupata joto, ukipoa ndani ya tangi hutoa maji, na maji hayo hutulia chini. Kila jioni baada ya kazi Hosiyat alizima mota, akabakiza upepo kidogo, akachuchumaa na kufungua koki ile ya shaba iliyo chini ya tangi polepole. Maji yalitoka kwa kuruka, ya rangi ya chai. Alisubiri mpaka utoke upepo mtupu, ndipo anafunga. Alikuwa akiiambia, "Haya, kojoa, ulale," kwa sauti ileile aliyowasemesha watoto wa majirani. Kiangazi chungu kilifika nusu. Wakati wa baridi ni vijiko viwili vitatu, lakini hakuacha hata siku ile miguu ilipoanza kumvimba. Nilimshika bega ainame.

Na lile tofali uliloliacha hapa lilikuwa chini ya mguu wa mbali, ili maji yakimbilie upande wa koki. Ulidhani ni uchafu.

Sasa sikia niliyoyasikia kwa Barno. Nilimpigia mkweo baada ya kukukatia simu, usimgombeze, mimi ndiye niliyemuuliza. Nilimwomba atambae chini ya tangi aniambie koki ikoje. Akasema, "Baba, koki ipo, ila imepakwa rangi ya kijani. Haizunguki." Rangi ya milango yako. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa unapulizia juu yake, na hukuigusa hata mara moja. Akaniambia pia oili kwenye kioo cha kuipimia imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, na sifongo ya kuchujia hewa imeganda vumbi la chumvi la huko kwenu. Hosiyat aliifua kila Ijumaa kwa sabuni akaianika pamoja na soksi zangu.

Kwa hiyo upele wa milango ni wako. Ni maji uliyoyafuga mwenyewe, yakapanda kwenye mpira wa kupulizia yakatemwa kwenye rangi. Uwaambie wateja hivyo, kwa mdomo uleule uliomsingizia dada yako.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Barno ameniambia Jumatatu ijayo fundi anakuja kulichomelea tangi, uiwashe mashine tena. Usifanye hivyo. Tangi lililoliwa na kutu kwa ndani haliwi jembamba mahali pamoja tu. Ukiziba tundu moja, limebaki karatasi pande zote, nawe unalijaza upepo. Hapa kwetu, karakana moja ya matairi walichomelea tangi kama hilo. Lilipasuka, likapita ukuta wa matofali. Wewe huna hata matofali. Upande wa pili wa ukuta wako wa mbao nyembamba kuna susu yenye maua mekundu, na anayelala ndani yake amefungwa mikanda ya susu, hawezi hata kugeuka.

Siandiki kwa ajili yako, shemeji. Wewe ningekuacha ujifunze.

Fanya hivi. Chomoa waya ukutani. Vuta pete ya vali ya juu mpaka tangi liishe pumzi kabisa. Kisha chukua spana, ufungue ile koki yote kutoka kwenye tangi. Itakuwa ngumu kwa sababu ya rangi yako, vumilia. Maji yakimwagika, yaache yamwagike, uyaone yalivyo. Tundu usilizibe kwa kitu chochote. Tangi bila koki halishiki upepo tena, na ndivyo ninavyotaka.

Mota baki nayo. Mipira baki nayo. Sitadai mashine, wala sitasimama tena mbele ya watu kubishana nawe. Koki nirudishie. Mpe Barno aifunge kwenye kitambaa, ampe mtu yeyote anayepanda treni ya kuja huku, kabla ya Jumatatu.

Nisalimie Barno na mumewe. Msalimie mama Inobat hapo nyumbani, mwambie makomamanga yake nimemwekea. Mbusu mtoto kwenye paji la uso kwa niaba ya shangazi wa baba yake, ambaye hakumwona. Mwenyezi Mungu awalinde wote walio chini ya paa lako, na wewe akulainishe moyo.

Wako, ambaye kwa ajili ya Hosiyat bado ni shemeji yako,

Nabijon.

Usiikwangue koki kwa kisu. Rangi nitaitoa mwenyewe kwa kitambaa, polepole. Chini yake shaba imelika kidogo upande mmoja, mahali alipokuwa akiweka kidole gumba.