Mbuzi na Vigingi vya Bwawa

Ejok, hujambo, Akiru mwanangu. Mtoto ameacha kukohoa?

Uliniambia nisiingie fujo huku Lodwar. Mimi sijaingia, ni mbuzi wameingia. Watu wanaotaka kujenga bwawa walipiga vigingi vyao vya utepe mtoni, juu kidogo ya pale tunapochimba visima vya mchanga. Wakifunga maji huko juu, visima vitakauka, na mama yako mdogo atanywesha mifugo nini? Basi jana sisi akina mama tukafunga mbuzi kwenye vigingi, tukakaa zetu kusuka vikapu. Mama yako mdogo akavuka ng'ambo akatikisa maganda ya mgunga. Mbuzi wanavyopenda yale maganda! Wakaruka wote na vigingi vyao shingoni.

Bwana wa kupima ardhi akaja mbio na askari wake. "Mama, nani aling'oa?"

Mama yako mdogo akamjibu, "Mwanangu, shika huyo mwenye utepe mdomoni."

Hata askari wake alicheka.

Kesho wanaleta vigingi vya chuma. Naogopa, nisikudanganye, lakini nitaenda. Tumeazima ngamia.

Mfunike mtoto kifua. Mungu awashike mkononi.

Mama yako anayekupenda