Boliti za Kuruka na Boliti za Kulala

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: tuhuma ya wizi wa boliti za ndege kutoka ghala la uwanja wa ndege
Mahali: kituo cha polisi, chumba cha maelezo, meza ya pili
Tarehe: 14 mwezi wa tatu. Yameanza kuandikwa saa 4:10 asubuhi
Shahidi: mwanamume, miaka 74, fundi wa kutengeneza cherehani, mgane, anajulikana kwa jina la Mzee Spana
Makazi: mtaa wa nyuma ya kiwanda cha magodoro, chumba cha chini, mlango wa kijani

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nasema haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na miwani yangu, ambayo afande alinirudisha nyumbani kuifuata.

Nimeishi katika nchi hii miaka thelathini na moja. Kabla ya hapo, huko tulikotoka, mimi na marehemu mke wangu tulikuwa na duka. Lilikuwa na upana wa hatua nne, na mlango wake usipouinua kidogo haufunguki. Tulinunua na kuuza vifaa vya ndege zinazoundwa nyumbani: boliti, nati, washa, pini, nyaya za usukani. Afande ameniuliza kama kweli wapo watu wanaounda ndege nyumbani. Wapo. Kwetu walikuwa kumi na mmoja. Daktari wa meno aliunda yake kwenye banda la kuku, baada ya kuwahamishia kuku jikoni. Mwalimu wa fizikia aliunda yake sebuleni, na ilipokamilika ikabidi abomoe ukuta kuitoa. Mkewe hakumsemesha mwezi mzima, lakini ndiye aliyekuwa abiria wake wa kwanza.

Boliti tulizinunua kwa mafungu kutoka karakana zilizofungwa, nzuri na mbovu zikiwa zimechanganyika. Kuzichambua ilikuwa kazi ya mke wangu. Alikaa kwenye stuli karibu na dirisha, kuanzia saa tatu hadi jua lilipohama. Kila boliti aliipangusa, akaipitisha nati ya kupimia kwa vidole, bila spana, kisha akaizungusha mbele ya jicho. Iliyofaa aliitia nukta moja ya rangi ya kucha. Isiyofaa aliitia mbili. Wateja wakampa jina la Bi Nukta, na mimi nikawa mume wa Bi Nukta, jambo ambalo sikulichukia.

Zenye nukta moja tuliziita za kuruka. Zenye mbili tuliziita za kulala, kwa sababu tuliwauzia mafundi wa vitanda. Mteja akianza kuvutana naye kuhusu bei, mke wangu alikuwa akimwuliza, "Kaka, unataka ya kuruka au ya kulala?" Mtu akicheka, alimwambia, "Cheka tu. Gari likikatika boliti unaegesha pembeni. Huko juu utaegesha wapi, baba?"

Tuliondoka huko siku ya Ijumaa, asubuhi, saa moja na robo. Nilifunga duka kwa kufuli mbili. Sababu za kuondoka zimo katika faili langu la ukimbizi na sioni haja ya kuzirudia. Tangu siku hiyo sijanunua wala kuuza kifaa chochote cha ndege. Natengeneza cherehani. Mke wangu alifariki miaka tisa iliyopita.

Sasa naeleza ninavyomfahamu mshitakiwa, ambaye ni seremala.

Mnamo tarehe 20 mwezi wa pili, saa kumi alasiri, Seremala alibisha mlango wangu. Sikuwa namjua. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi na mfuko wa nailoni mkononi. Tulizungumza hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimeambiwa zamani uliuza vyuma vya ndege."

"Nani kakwambia?"

"Mama mmoja uliyemtengenezea cherehani. Anasema ukifunga skrubu unasimulia mambo ya mabawa."

"Mimi natengeneza cherehani, mwanangu."

"Nina mkebe hapa. Nimeununua soko la vyuma chakavu. Utazame tu mara moja, dakika mbili."

Nilimwambia macho yangu hayaoni vizuri na kazi ile niliiacha. Hakubisha. Alisema, "Haya mzee, nisamehe kwa usumbufu," akaondoka na mfuko wake. Mkebe sikuuona. Sikumruhusu autoe.

Afande ameuliza macho yangu yalikuwa na tatizo gani siku hiyo. Hayakuwa na tatizo. Niliogopa kuona kilichomo.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu Seremala alikamatwa. Siku hiyo, kama nilivyoelezwa hapa kituoni, aliwaalika watu waje kuona ndege aliyoiunda uani kwake, na mmoja wa waalikwa alikuwa mtunza ghala wa uwanja wa ndege. Mtunza ghala aliona boliti zenye rangi kichwani. Kwenye ghala lake boliti iliyokataliwa hupakwa rangi kichwani ili isitumike tena, kisha hutupwa kwenye pipa la kufuli. Akahitimisha kwamba Seremala ameiba kwenye pipa hilo, akapiga simu. Seremala alisema amenunua sokoni, lakini muuza chuma chakavu hatoi risiti, na alipoulizwa alisema hakumbuki. Ndipo Seremala akasema, "Mwulizeni Mzee Spana."

Kwa hiyo leo, saa 4:25 asubuhi, mbele ya afande anayeandika, nimeonyeshwa vielelezo viwili. Cha kwanza ni mkebe wa maziwa ya unga wenye boliti arobaini na sita. Cha pili ni mfuko mdogo wenye boliti nne zilizofunguliwa kwenye ndege, pale mabawa yanapoungana na kiwiliwili, mbili kila upande.

Nautambua mkebe. Umebonyea upande mmoja kwa sababu mke wangu alikuwa akisimama juu yake kufikia rafu ya juu, nami nilikuwa nikimwambia kila siku atumie stuli. Sijui ulivyovuka mpaka. Sisi wenyewe tulivuka kwa miguu.

Nazitambua na nukta. Nimeulizwa nitazitofautishaje na rangi ya uwanja wa ndege. Sababu ni tatu. Kwanza, mtunza ghala amekiri kwamba yeye hupaka kichwa kizima kwa brashi, na hizi ni nukta ndogo zilizotiwa pembeni. Mke wangu hakuziba alama ya nyota ambayo mtengenezaji hupiga katikati ya kichwa cha boliti. Alisema ni utovu wa adabu kuandika juu ya jina la mtu. Pili, rangi ni zambarau, kama ganda la bilinganya. Tatu, ukiigeuza kwenye mwanga inametameta. Hakuna ghala la ndege linalonunua rangi ya kumetameta. Afande ameigeuza kwenye mwanga wa dirisha mwenyewe. Kisha ametazama kucha zake, akaendelea kuandika.

Ili nisionekane nasema maneno matupu, nimetoa mfukoni boliti yangu na kuiweka mezani. Nimekuwa nayo miaka thelathini na moja. Mimi na mke wangu nasi tulikuwa na ndege yetu, nyuma ya duka. Ilikuwa imebakiza boliti moja ya kushikilia injini. Tulipanga kuifunga Jumapili. Mke wangu alikuwa ameshaitia nukta Alhamisi, nikaitia mfukoni isipotee. Afande ameilinganisha na zile za kwenye mkebe na ameona ni rangi moja, mahali pamoja.

Kwa hiyo Seremala hakuiba kwenye uwanja wa ndege. Kilichomo katika mkebe huu kilitoka dukani kwangu, na mimi simdai kitu.

Hapo ningeweza kunyamaza, na naamini ningeruhusiwa kwenda. Lakini boliti nne zilizofunguliwa kwenye mabawa zina nukta mbili kila moja.

Nimeomba nizungumze na Seremala. Aliletwa saa 5:05. Alikuwa amevaa viatu visivyo na kamba. Nilimsalimia, nikamwuliza:

"Hizi nne ulizichagua wewe mwenyewe?"

"Ndiyo mzee. Nilizitafuta humo kwa makini, moja moja. Za nukta mbili zilikuwa chache."

"Kwa nini za nukta mbili?"

"Si ndizo za daraja la juu? Kama nyota za hoteli. Nikasema kwenye mabawa siweki moja, naweka mbili."

"Ulitaka kuruka lini?"

"Jumamosi. Na binti yangu."

Polisi aliyemleta alicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Nimeziangalia zote nne hapa mezani. Ya kwanza hesi zake za kushika nati zimelika. Ya pili imepinda kidogo, ukiiviringisha juu ya kioo cha meza inarukaruka. Ya tatu tundu la pini limetobolewa upande. Ya nne sikuona kosa lake. Nilipitisha nati, ikapita. Niliiviringisha, ikaenda sawa. Nilipima tundu kwa pini, likakubali. Seremala alikuwa akinitazama usoni. Akasema, "Labda hiyo moja bibi alikosea, mzee. Binadamu hukosea." Alisema kwa heshima, na nilitaka sana kumkubalia, maana kama mke wangu alikosea moja, huenda alikosea zote, na mtu huyu angerudi kwenye ndege yake bila lawama.

Nimemwomba afande kioo cha kukuzia kinachotumika kwa alama za vidole. Nimeitazama boliti ya nne kuanzia saa 5:30 hadi saa 5:50. Chini ya kichwa, mahali kinapoungana na mwili, upo ufa. Ni mwembamba kuliko unywele na haufiki robo ya mzunguko. Kwa uzito wa kitanda boliti ingekaa miaka hamsini. Kwa uzito wa bawa lenye upepo, ingekatika safari ya kwanza au ya pili.

Nimempa Seremala kioo. Alitazama kwa muda, akakiweka chini, akakaa kwenye benchi kabla ya kuruhusiwa kukaa.

Afande ameniuliza mke wangu alitumia kifaa gani kuuona ufa huo. Hakutumia kifaa. Alikuwa na dirisha. Aliuona miaka thelathini na zaidi iliyopita, kwa macho matupu, akatia nukta mbili, akaendelea na nyingine. Mimi leo nimehitaji kioo cha serikali na dakika ishirini.

Seremala alisema, "Mzee, siku ile nilipokuja, mkebe ulikuwa kwenye mfuko."

Nikamjibu, "Najua."

Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema zaidi.

Kwa hiyo naeleza wazi: mtunza ghala amekosea kumwita mtu huyu mwizi, na kosa lake limewazuia baba na binti yake wasiruke Jumamosi na boliti za kitanda. Sitaki mtunza ghala asumbuliwe. Natamani aje kwangu ninywe naye chai.

Naomba boliti nne za nukta mbili zisirudishwe kwa Seremala. Zikirudishwa, basi nizivunje vichwa mbele yake. Hizo arobaini na sita arudishiwe, ni mali yake, amezinunua. Lakini chuma hukaa miaka na hubadilika, na nukta ya mke wangu ilikuwa ahadi ya wakati ule. Nimemwambia nitazipitia zote upya, moja moja, kwangu, karibu na dirisha, saa tatu asubuhi. Ameuliza kama macho yangu sasa yanaona. Nimemwambia yanaona.

Niliyoyasema hapa nimeyaona au nimeyasikia mwenyewe, na pale nisipojua nimesema sijui.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa kalamu yake mwenyewe)

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi saa 6:40 mchana. Amesahihisha neno moja: niliandika "imekatika", akataka "ingekatika". Boliti ya shahidi yenye nukta moja ilipigwa picha pamoja na kielelezo cha kwanza, kisha ikarudishwa mkononi mwake. Hakukubali iwekwe kwenye bahasha. Mshitakiwa ameachiwa saa 7:15 baada ya mtunza ghala kuhesabu pipa lake na kukuta halijapungua. Boliti nne zimebaki kituoni.

Shahidi alipoulizwa kama ana la kuongeza, aliuliza duka la karibu linalouza rangi ya kucha. Nilimwelekeza. Alitaka kujua kama wana ya zambarau.