Mguu wa Kushoto wa Mkwe Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Diski za breki zimekwisha tena! Mkwe wangu ametangaza mezani kama anatangaza msiba. Za kwanza hazikumaliza mwaka, hizi hazikufika hata nusu yake. Gari lenyewe kubwa kuliko chumba changu, na viti vyake vinashinda vya sebuleni. Binti yangu akauliza: safari ya Jumapili ipo? Mumewe akajibu kwamba gari lisilo na breki haliendi popote, labda makaburini. Nikaweka kijiko chini.

Jumapili ni ya dada yangu. Anakaa bondeni, chini ya ule mteremko mrefu, na macho yake yanafunga. Sasa anaona katikati tu, kama anachungulia tundu la ufunguo, na daktari wake hatoi ahadi. "Njoo nikuone," aliniambia kwenye simu. Hakusema tuonane. Siku tuliyokimbia kwetu hatukubeba picha hata moja. Dada husema uso wa mama umebaki kwangu.

Jumatano, 6 Machi

Gereji. Fundi wanamwita Daktari, na jina limemkolea — diski aliziinua kwenye mwanga kama anasoma eksirei. Zina mifereji kama santuri, na pembeni zimegeuka samawati, rangi ya chuma kilichoungua. Akasema kalipa ya gurudumu moja, yaani ule mkono unaobana pedi, imenata kwa kutu. Inabana, haiachii. Akaisafisha, akaipaka grisi, akafunga diski na pedi mpya.

Nikauliza: na yale magurudumu mengine? Nako diski zimelika. Akanitazama kwa huruma. "Bibi, hilo ni joto." Joto la nini? "La breki." Nikashukuru. Nimefanya kazi maktaba maisha yangu yote. Majibu ya aina hiyo tuliyaweka rafu ya juu kabisa, yasimwangukie mtu.

Mkwe ana kundi kwenye simu, la wenye magari kama lake. Mmoja kasema ni barabara. Mwingine kasema ni uzito. Wa tatu kauliza kama ana jirani mwenye kijicho. Huyo wa tatu ndiye aliyesikilizwa.

Alhamisi, 7 Machi

Diski za zamani amezifunga taulo na kuzilaza kiti cha nyuma. Ni ushahidi! Tumempelekea aliyemwuzia hizo diski, huyo akakataa hata kulifungua taulo. Kwa hiyo ushahidi bado unasafiri nasi, nami niliyezoea kukaa nyuma, mahali pa mama mkwe, leo nimeketi mbele.

Jioni, kilima cha hospitali. Nikaona wekundu unatufuata kwenye vioo vya maduka. Taa zetu za breki. Tunapanda — na zinawaka! Nani hufunga breki akipanda? Nikatazama chini. Mguu wa kulia uko kwenye mafuta. Wa kushoto, kiatu kimeng'arishwa, umejilaza juu ya breki kama paka juu ya zulia.

Gari lake la zamani lilikuwa la gia za mkono. Mguu wa kushoto ulikuwa na klachi yake, na heshima yake. Hili la otomatiki likaufukuza kazi. Umejitafutia nyingine.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia binti yangu jikoni. Alicheka mpaka akashika sinki. Kisha: "Mwambie wewe, Mama. Mimi nilimsahihisha kupaki tu, tukanuniana wiki nzima. Wewe anakuheshimu."

Heshima ndiyo inayonifunga mdomo. Tangu nihamie kwake sijamsahihisha hata anapokosea jina la mji niliozaliwa. Na akisusa, nani atanipeleka? Basi la kule humwacha abiria barabara kuu, na magoti yangu hayafiki.

Jioni nikajaribu kwa mbali. Baba, huo mguu wa kushoto hauchoki? Akafurahi kwamba nimeuona! "Huo ndio usalama, Mama. Wa kulia unakwenda, wa kushoto unalinda." Bora ningenyamaza. Sasa utalinda kwa bidii.

Nimeazima kitabu cha gari. Kilikuwa bado kwenye nailoni.

Jumapili, 10 Machi — juu ya mteremko

Naandika garini. Tumesimama. Mteremko haujaanza vizuri na tayari harufu ya nywele zilizoungua, moshi gurudumu la mbele, breki imelegea. Bonde lote liko chini yetu. Nyumba ya dada siioni, ila iko karibu na mnara wa maji, na mnara nauona.

Mkwe kwanza amelipigia kundi picha. Kisha akashuka na chupa ya maji. Nikaropoka: usimwage! Diski ya moto itapinda. Akaganda na chupa yake hewani. Akasema: "Basi turudi, Mama. Usalama kwanza. Tutamwona mwezi ujao."

Sisi tutamwona. Yeye je?

Nikasema. Kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Baba, breki hazina ugonjwa. Umezikanyaga tangu getini. Toa mguu wa kushoto.

Ameenda kusimama kwenye mawe, kanipa mgongo. Simu iko mkononi, haisomi. Magurudumu yanapoa — tik, tik.

Dada kapiga. Mmefika wapi? Amekaa mlangoni, kwenye mwanga. Nimemwambia tuko juu yake tu.

Mkwe amerudi. Hakunitazama. Amevua kiatu cha kushoto, akakitupa nyuma, juu ya ushahidi. Mguu ameukunja chini ya paja, kama mtu aliyekaa mkekani. Akajaribu breki kwa wa kulia, imeshika. Akashusha gia mpaka ya chini, kama kitabu kinavyosema — sikujua naye amekisoma nilipokirudisha.

"Tushuke, Mama?"

Tushuke.

Mwandiko unacheza. Tunakwenda. Mguu wake umetulia. Ila nimetazama chini nikauona wangu, wa kushoto: umekanyaga sakafu kwa nguvu zote, na nikiuambia uachie, unasema unalinda.