Maua Uliyoyaacha Katandala

Katandala, Sumbawanga
Oktoba

Mke wangu Kalista,

Unaendeleaje huko wodini Mbeya? Sisi huku tu wazima.

Yale maua ya haidrenjia uliyoyapanda kabla ya kuondoka yalinitisha. Jua hili la Oktoba likipanda tu, majani yote yanalegea. Mama yangu akasema, "Oswaldi, yang'oe, tupande maharage." Nikamwambia, "Mama, ni mageni tu, mizizi haijashika." Nikayawekea kivuli cha gunia, nikatandaza nyasi kavu shinani, na kila asubuhi nayamwagilia mpaka udongo ulowe chini kabisa. Mchana bado yanalegea kidogo, lakini jioni yanasimama yenyewe. Siku hizi Mama ndiye anayewahi ndoo.

Kwenye simu uliniuliza kama nitakupenda wakikukata titi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nalia, si kwamba nilisita. Mwambie daktari akate. Mimi nakutaka wewe, ukiwa hai.

Jumapili baada ya misa tunapanda basi, mimi na Mama. Nilimwambia safari itamchosha. Akanijibu, "Na binti yangu ataogeshwa na nani? Na wewe?"

Mumeo,
Oswaldi